Kununua Vifaa vya Kikosi kwenye Masoko ya Mtandaoni: Mwongozo kwa Watumishi wa Ugavi katika Jeshi la Marekani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya askari na watumishi wa kiraia wanaozungumza Kiswahili na wanaofanya kazi ya ugavi katika vikosi vya Marekani, hasa wale waliokabidhiwa kadi ya ununuzi ya serikali kwa mara ya kwanza na kuambiwa kwamba sasa wanaweza kuagiza vitu wenyewe bila kusubiri ofisi ya mikataba. Kauli hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Soko la mtandaoni hupunguza muda wa kutafuta bidhaa na kulinganisha bei, lakini halimpunguzii dhamana hata kidogo yule anayebofya kitufe cha kununua. Isitoshe, siku nyingi zinazopotea katika manunuzi ya kikosi hupotea kabla skrini haijawashwa, pale mnunuzi anapofungua tovuti huku hajui anatafuta kitu gani hasa, fungu lipi litalipa, wala nani ataidhinisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi inayotangulia kuingia sokoni.

Masoko yenyewe

Soko la kwanza la kulijua ni FedMall, linaloendeshwa na DLA, shirika la ugavi la Wizara ya Ulinzi lenye makao yake makuu Fort Belvoir, Virginia. Limechukua nafasi ya soko la zamani lililoitwa DOD EMALL. Anayeingia hutumia kitambulisho chake cha kijeshi chenye chipu, na akaunti yake huunganishwa na namba ya anwani ya kikosi yenye herufi na tarakimu sita, ile inayoitwa DoDAAC. Ndani ya FedMall mna bidhaa za aina mbili: zile zilizomo katika mfumo wa bohari za DLA, na zile za wauzaji wa kibiashara walioingia mkataba wa kuziorodhesha humo. Malipo yanaweza kufanywa kwa kadi au kwa hati ya madai inayokatwa moja kwa moja kwenye fungu la kikosi.

La pili ni GSA Advantage, lililofunguliwa mwaka 1995 chini ya GSA, wakala wa serikali kuu unaohudumia idara zote, za kijeshi na za kiraia. Bei unazoziona humo ni zile ambazo muuzaji amekwisha kukubaliana na serikali katika mkataba wa muda mrefu, kwa hiyo si lazima uwe hodari wa kupatana ili upate bei ya haki, ingawa hakuna kanuni inayokukataza kumwomba muuzaji apunguze zaidi.

Kundi la tatu ni majukwaa ya kibiashara. Kifungu cha 846 cha sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2018 kiliitaka GSA ifungue njia rasmi ya kununua bidhaa za kawaida kupitia masoko ya kibiashara, na mwezi Juni 2020 mikataba ya majaribio ilitolewa kwa Amazon Business, Fisher Scientific na tawi la serikali la Overstock.com. Jambo ambalo wageni hulichanganya mara kwa mara ni kwamba akaunti rasmi ya kikosi katika jukwaa kama hilo si sawa na akaunti binafsi ya mtu. Usinunue mali ya kikosi kwa akaunti unayonunulia viatu vya watoto, hata kama jina la kampuni ni lile lile na kadi unayolipia ni ya serikali. Akaunti rasmi huwa imekwisha kuwekwa msamaha wa kodi ya mauzo ya majimbo, huonyesha ni muuzaji gani ni biashara ndogo, na humwezesha msimamizi wa kadi kuona kila oda. Akaunti binafsi haina hata kimoja kati ya hivyo, na mkaguzi akiikuta hatahitaji ushahidi mwingine ili aanze kuuliza maswali.

Msomaji aliyezoea NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma wa Tanzania, atambue tofauti moja: yale masharti ya zabuni yanayomwongoza mnunuzi hatua kwa hatua hayapo hapa kwa manunuzi madogo. Mfumo unakuachia uamue mwenyewe, kisha unakuja kukuuliza baadaye.

Kabla ya kufungua tovuti

Anza na hitaji lililoandikwa na kutiwa saini na mtu mwenye mamlaka, likieleza ni kitu gani, kiasi gani, kwa kazi gani, na kinahitajika lini. Maandishi ya mistari mitatu yanatosha. Bila maandishi hayo utajikuta unanunua kitu ambacho sajini mmoja alikitaja akiwa anapita mlangoni, na kifaa kikifika hakuna atakayekiri kwamba alikiagiza.

Baada ya hapo tafuta namba ya bidhaa, NSN. Namba hii ina tarakimu 13 na inatumiwa na nchi zote za NATO. Nne za mwanzo zinataja kundi la bidhaa, mbili zinazofuata zinataja nchi iliyoisajili (00 na 01 ni Marekani, 99 ni Uingereza, 12 ni Ujerumani, 14 ni Ufaransa), na saba za mwisho ni za bidhaa yenyewe. Chukua kalamu nyeusi ya SKILCRAFT inayoonekana katika kila ofisi ya serikali ya Marekani: namba yake ni 7520-00-935-7135, na 7520 ndilo kundi la vifaa vya ofisini. Ukiwa na NSN hutafuti tena kwa maneno, na hutaletewa bidhaa elfu moja zinazofanana kwa sura.

Pamoja na NSN soma kipimo cha kuuzia. Hapa ndipo watu makini wanapoteleza. EA ni kimoja kimoja, DZ ni dazani, BX ni boksi, PG ni pakiti. Mtu anayetaka kalamu 24 akaandika 24 mbele ya DZ ameagiza kalamu 288, na mfumo hautamwuliza kama ana uhakika. Kwenye majukwaa ya kibiashara tatizo hugeuka: bei inayoonekana kubwa inaweza kuwa ya katoni nzima, na ile inayoonekana ndogo ikawa ya kipande kimoja, kwa hiyo kabla ya kulinganisha gawanya kila bei hadi ufike kwenye kitu kimoja.

Sasa uliza kama kuna chanzo ambacho sheria inakulazimisha uanzie hapo. Kanuni za manunuzi za serikali kuu haziruhusu kuruka moja kwa moja kwenda kwa muuzaji mwenye bei ya chini. Kwanza unaangalia kama kitu hicho tayari kipo katika bohari yako au kimezidi katika idara nyingine, kisha unaangalia orodha ya AbilityOne, mpango unaotokana na sheria ya mwaka 1938 iliyowapa wasioona nafasi ya kuiuzia serikali bidhaa wanazotengeneza, na iliyopanuliwa mwaka 1971 ili iwahusu pia watu wenye ulemavu mwingine mkubwa. Ile kalamu ya SKILCRAFT ni ya mpango huo. Ukitafuta kalamu ya kampuni nyingine inayofanana nayo, soko rasmi linaweza kukuzuia na kukupeleka kwenye ile ya AbilityOne. Usilichukulie hilo kama hitilafu ya kompyuta. Kwa upande wa kompyuta na programu zake, vikosi vya nchi kavu vina chanzo chao cha lazima kiitwacho CHESS, na mnunuzi anayenunua kompyuta mpakato kwingineko bila kibali cha maandishi anajitafutia barua ya onyo.

Mwisho wa maandalizi ni fedha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 kikomo cha manunuzi madogo ya bidhaa kimepandishwa kutoka dola 10,000 hadi dola 15,000. Kikomo cha huduma zinazolindwa na sheria ya mishahara ya wafanyakazi wa huduma kimebaki dola 2,500, na cha kazi za ujenzi dola 2,000. Kumbuka kwamba hicho ni kikomo cha sheria. Kadi yako inaweza kuwa na kikomo cha chini zaidi kwa oda moja au kwa mwezi, na kikomo cha kadi ndicho kinachotawala. Hakikisha pia kwamba fedha zimethibitishwa kuwapo kabla ya kununua, kwa sababu kadi inaweza kukubaliwa na muuzaji wakati fungu limekwisha kukauka.

Kugawanya manunuzi

Mtego mkubwa wa mnunuzi mgeni ni kugawanya hitaji moja katika oda mbili au zaidi ili kila moja ikae chini ya kikomo. Tuseme kikosi kinahitaji mahema matano ya dola 4,000 kila moja. Jumla ni dola 20,000, nayo imezidi kikomo. Kununua matatu Jumatatu na mawili Ijumaa, au kumpa mwenzako mwenye kadi nyingine anunue mawili, ni kosa lile lile kwa sura mbili. Wizara ina mfumo wa kompyuta unaopitia miamala na kunyanyua ile inayofanana kwa muuzaji, kwa tarehe na kwa kiasi, na ofisa anayeidhinisha malipo hulazimika kujibu juu ya kila mmoja ulionyanyuliwa.

Lakini si kila oda mbili zinazofuatana ni mgawanyo. Ikiwa mahema matatu yalihitajika kwa mazoezi ya Machi, na mwezi Mei kimbunga kikaharibu mawili mengine, hayo ni mahitaji mawili tofauti. Kinachokuokoa ni ile karatasi ya mistari mitatu yenye tarehe na saini. Ikiwa hitaji ni moja na limezidi kikomo, lipeleke ofisi ya mikataba mapema. Kuna watu wanaoiona ofisi hiyo kama kikwazo. Mimi naiona kama bima, maana anayesaini mkataba huko ndiye anayebeba mzigo wake.

Ndani ya soko

Chukua mfano wa taa za kichwani 60 kwa mafundi wa magari wanaofanya kazi usiku, kwa makadirio ya dola 38 kila moja, yaani dola 2,280. Umekwisha kuthibitisha kwamba hazipo bohari na haziko katika orodha ya lazima. Kwa manunuzi chini ya kikomo hulazimiki kukusanya nukuu tatu za bei, mradi bei iwe ya haki na usinunue kwa muuzaji yule yule kila mara. Hata hivyo, kulinganisha kunachukua dakika tano, na piga picha ya skrini ya matokeo hayo. Bei za majukwaa ya kibiashara hubadilika saa hadi saa, na mkaguzi atakayefungua ukurasa ule baada ya miezi minane ataona bei nyingine kabisa.

Kisha angalia jina la muuzaji, si jina la jukwaa peke yake. Katika soko la kibiashara bidhaa moja inaweza kuuzwa na jukwaa lenyewe, na chini yake wakawapo wauzaji wengine kumi wasiojulikana. Mtafute muuzaji huyo katika SAM.gov, daftari la serikali la wanaofanya nayo biashara, uone kama amefungiwa. Humo humo utaona kama ametoa tamko la kifungu cha 889 cha sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019. Kifungu hicho kinakataza serikali kununua vifaa vya mawasiliano na kamera za ulinzi vya Huawei, ZTE, Hytera, Hikvision na Dahua, na tangu tarehe 13 Agosti 2020 kinakataza pia kufanya biashara na kampuni inayovitumia vifaa hivyo. Wengi hudhani kwamba kinahusu manunuzi ya kamera peke yake. Hapana: kinamhusu hata muuzaji wa taa za kichwani, na hakuna kiasi kidogo cha fedha kinachosamehewa. Hifadhi nakala ya tamko hilo pamoja na oda.

Kama unaagiza kwa hati ya madai ya DLA badala ya kadi, utahitaji namba ya hati yenye herufi na tarakimu 14: sita za DoDAAC, nne za tarehe, na nne za mfululizo wako mwenyewe. Tarehe huandikwa kwa tarakimu ya mwisho ya mwaka ikifuatwa na hesabu ya siku tangu Januari, kwa hiyo tarehe 1 Oktoba 2025 ni 5274. Namba ya kipaumbele huanzia 01 hadi 15, na anayeandika kila kitu kuwa cha haraka atagundua kwamba bohari kuu haimsikilizi tena. Kipaumbele hakichaguliwi kwa hamu. Kinatokana na daraja la kikosi chako na uzito wa hitaji.

Vitu visivyofaa kununuliwa hivi

Betri, karatasi, glavu, mikanda ya kufungia mizigo, vyombo vya usafi na zana za mkono za kawaida vinanunulika vizuri kwenye soko la kibiashara. Vipuri vya elektroniki vinavyoingia ndani ya silaha, ndege au redio havinunuliki huko, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu.

Mwezi Februari 2012 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilitoa taarifa ya jaribio lake. Wakaguzi walianzisha kampuni ya kubuni, wakajiunga na masoko ya mtandaoni ya vipuri, na wakanunua vipuri 16 vya elektroniki vya daraja la kijeshi. Vingine viliagizwa kwa namba halisi za vipuri adimu vilivyoacha kutengenezwa, vingine kwa namba halisi lakini kwa tarehe ya utengenezaji iliyo baada ya kiwanda kusimamisha uzalishaji, na vinne kwa namba ambazo hazijawahi kuwapo. Vyote 16 vilitoka kwa wauzaji walioko China, na hakuna hata kimoja kilichokuwa halali. Hivyo vinne visivyokuwapo duniani vililetwa pia, vikiwa vimepigwa chapa ya namba iliyotungwa na wakaguzi. Muuzaji wa namna hiyo haangalii anachouza; anaangalia ulichoandika, kisha anakichapa juu ya kipuri alicho nacho.

Hatari inakwenda upande wa pili vilevile. Mwaka 2008 ofisi hiyo hiyo iliripoti kwamba iliweza kununua kwenye eBay na Craigslist vipuri vya ndege ya F-14 na miwani ya kuonea usiku yenye sehemu za kijeshi. Kwa mtumishi wa ugavi somo ni hili: kifaa cha kijeshi kinachouzwa kwa bei rahisi kupita kiasi na mtu binafsi huenda kilitoka katika bohari ya kikosi kingine bila ruhusa. Ukikiona, usikinunue hata kwa nia ya kukirudisha. Toa taarifa kwa ofisa wa usalama.

Kadi haitumiki pia kuchukua fedha taslimu, kulipia gharama za safari, wala kununua kitu cha matumizi binafsi. Kemikali, rangi na gesi zinahitaji kibali cha ofisi ya vitu vya hatari kabla ya oda.

Kupokea

Aliyenunua asiwe ndiye anayepokea. Kanuni hii inakera katika kikosi kidogo chenye watu wawili wa stoo, lakini ndiyo inayokulinda wewe mnunuzi siku boksi litakapofika likiwa na taa 54 badala ya 60. Mpokeaji ahesabu, atie saini na tarehe kwenye hati ya kupokelea, na aliyeagiza alinganishe hati hiyo na oda pamoja na ankara kabla taarifa ya mwezi ya kadi haijathibitishwa. Vifaa vya dola 5,000 na zaidi huingizwa kwenye daftari la mali za kikosi, na vile vyepesi kuibwa, kama kamera na kompyuta mpakato, viingizwe hata vikiwa vya bei ya chini. Ofisa anayethibitisha malipo anawajibika kwa fedha zake mwenyewe iwapo malipo yalikuwa batili, kwa hiyo asikasirikiwe anapodai karatasi iliyokosekana.

Vikosi vilivyo nje ya Marekani vina tatizo la ziada. Aliyeko Manda Bay huko Lamu au Camp Lemonnier, Djibouti, asihesabu ahadi ya siku mbili iliyoandikwa kwenye ukurasa wa bidhaa, kwa kuwa ahadi hiyo ni ya anwani za ndani ya Marekani. Wauzaji wengi katika majukwaa ya kibiashara hawatumi kabisa kwa anwani za posta za kijeshi, na wale wanaotuma hubanwa na masharti ya posta kuhusu betri za lithiamu. Zile taa 60 za kichwani zikiwa na betri za kuchajiwa zinaweza kukwama mahali usipopajua. Chagua zinazotumia betri za kawaida za alkali, ziagize betri peke yake kupitia bohari ya DLA, na uthibitishe kwa muuzaji, kwa maandishi, kwamba anafikisha kwenye anwani yako kabla hujalipa.

Bidhaa ikiwa na kasoro

Wasiliana na muuzaji kwanza, kwa maandishi, na umpe muda wa kujibu. Akikaa kimya au akikataa, peleka malalamiko benki iliyotoa kadi ndani ya siku 90 tangu muamala. Siku hizo hupita upesi kuliko inavyodhaniwa, hasa pale taa zilipokaa kwenye boksi zikisubiri mazoezi ya mwezi ujao, kwa hiyo boksi lifunguliwe na taa zijaribiwe siku ile ile lilipofika. Muuzaji akikubali kurudisha fedha, zirudi kwenye kadi ile ile iliyolipa. Majukwaa ya kibiashara hupenda kukupa salio la kununulia tena au kadi ya zawadi, na hutokea hata mfumo ukajichagulia njia hiyo wenyewe. Likatae salio hilo kwa maandishi, kwa sababu ni fedha ya serikali iliyokaa nje ya hesabu, na likionekana kwenye akaunti yako utatakiwa ueleze limefikaje hapo.